Lori linagoma kuwaka mara moja moja: pima volti stata ikiwa inazunguka

Asubuhi lori linawaka Mlolongo kwa mpigo mmoja. Saa sita, likishashusha mzigo Industrial Area, dereva akizungusha ufunguo linatoa "tak!" moja kisha kimya. Taa zinawaka, honi inalia, dashibodi haina neno. Utingo anatikisa waya wa betri, dereva anajaribu tena, linawaka. Kufika jioni betri mbili mpya zimeshanunuliwa, na baada ya wiki mbili ile "tak!" imerudi palepale.

Kosa liko kwenye kuamini taa. Taa na honi zinataka ampea chache tu, ilhali stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ya lori la volti 24 (betri mbili za volti 12 zilizofuatana) inataka mamia. Chukua kiungo kimoja chenye kutu, ukinzani wake omu 0.01. Taa za ampea 10 zikipitia hapo zinapoteza volti 0.1, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Stata ikivuta ampea 300 kupitia hapohapo, volti 3 zinapotea na joto la wati 900 linazaliwa ndani ya kitu kidogo kuliko ngumi yako. Hilo ni joto la kukaribia pasi ya umeme. Chuma kinatanuka, kinapoa, kinalegea kidogo, kesho kinagusa vizuri, keshokutwa hakigusi. Ndiyo maana ugonjwa unakuja na kuondoka.

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Ikiwa inalia tak-tak-tak-tak kwa haraka, umeme unaofika ni mdogo: koili ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta, stata inadai ampea zake, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo ni betri iliyokwisha au kiungo kibovu. "Tak!" moja nzito bila mzunguko ni kiungo kibovu, au shaba za ndani ya solenoidi zilizoungua, au stata iliyokwama. Kimya kabisa ni habari nyingine, nitaigusa mwishoni.

Pima betri zikiwa zimetulia, injini imezimwa saa kadhaa. Kila moja peke yake, si zote mbili kwa pamoja: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Kisha pima kila moja huku stata inazunguka. Zikishuka zote mpaka 10.5 au hapo karibu, ni sawa. Moja ikibaki 10.5 na nyingine ikianguka hadi 7, umepata mgonjwa, na hakuna haja ya kulaumu waya.

Na hapa Nairobi huyo mgonjwa ana sababu inayojulikana: redio, chaja ya simu na taa za urembo za volti 12 zilizochomekwa kwenye betri moja kati ya mbili. Alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, inachaji zote mbili kama kitu kimoja, volti 28 hivi, haijui kwamba moja imenyonywa. Ile iliyonyonywa haijai kamwe. Mwenzake anachajiwa kupita kiasi, anachemka na kumaliza maji. Ukiona betri moja inataka maji kila wakati na nyingine haitaki, fuata waya mwembamba uliofungwa kwenye tamino ya katikati (tamino ni kibano cha waya kinachovaa kichwa cha betri; hii ni ya pale betri mbili zinapoungana). Dawa ni konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12. Na betri mbili zibadilishwe pamoja, aina moja, umri mmoja. Kuoanisha mpya na nzee ni kumpa mpya ugonjwa wa mzee.

Betri zikiwa nzuri, sasa ndipo kazi yenyewe. Weka gia huru, breki ya mkono juu, na hakikisha injini haitawaka: mtu ashikilie kizimio cha pampu au uchomoe waya wa kizimio cha mafuta. Mita iwe kwenye volti za DC. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde 5 tu, kisha apumzishe dakika nzima.

Sindano moja ya mita ichome kichwa cha risasi cha chanya, cha betri yenye waya wa kwenda stata, ile risasi yenyewe wala si tamino iliyoivaa. Nyingine iguse skrubu nene ya stata ambayo waya wa betri unafikia. Stata ikizunguka, mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Nikipata zaidi ya 0.5 naanza kutafuta. Ikifika 1 sisubiri. Rudia upande wa hasi: kutoka kichwa cha hasi hadi bodi ya stata, chuma kitupu kisicho na rangi. Halafu jampa, ule waya mfupi unaounganisha betri mbili, kutoka risasi hadi risasi: 0.2 inatosha. Watu wanausahau kwa sababu ni mfupi, lakini umeme wote wa stata unapita humo. Mwisho kabisa, skrubu mbili nene za solenoidi: zaidi ya 0.3 hapo, shaba za ndani zimeungua.

Ukishajua upande, gawanya. Risasi hadi tamino, tamino hadi mwanzo wa waya, mwanzo hadi mwisho wa waya. Kipande kimoja kitakula volti karibu zote zilizopotea. Na lori likigoma mbele yako, usikimbilie kutikisa! Hiyo ndiyo nafasi ya dhahabu. Mwambie dereva ashikilie ufunguo, pima palepale. Kipande kilichokatika kitaonyesha karibu volti zote za betri. Lori linalogoma barabarani tu, mimi huunganishia mita waya mrefu mpaka ndani ya kabini, dereva asome mwenyewe siku likigoma.

Sasa angalia tamino kwa karibu. Kichwa cha risasi si mcheduara sawasawa, kimechongoka kuelekea juu, na cha chanya ni kinene kuliko cha hasi. Betri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba zaidi. Kwa hiyo tamino kubwa inavalishwa kichwa kidogo, inacheza, na fundi anapigilia msumari au kipande cha bati pembeni. Siku hiyo inashika. Lakini msumari unagusa mistari miwili tu ya risasi badala ya kukumbatia kichwa chote, risasi ni laini, inaliwa, na baada ya mashimo kadhaa ya Mombasa Road inacheza tena. Nunua tamino ya saizi yake. Ukiikaza mpaka midomo yake miwili ikagusana na bado inazunguka kwa mkono, hiyo si yako.

Kufungua, anza na hasi inayoenda kwenye chasisi. Kurudisha, iwe ya mwisho. Spana ikigusa chasisi ukiwa kwenye chanya wakati hasi imefungwa, utachomelea. Vua pete na saa, zima sigara: betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Ungaunga ule mweupe au wa kijani umwagie maji ya vuguvugu yenye kijiko cha magadi ya kuokea, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa, suuza, kausha. Kisha brashi ya waya au msasa ndani ya tamino na juu ya kichwa mpaka risasi ing'ae. Grisi au vaselini ipakwe nje baada ya kukaza, kuzuia unyevu.

Waya wenyewe ukunje kwa vidole. Ukisikia unavunjika kama majani makavu chini ya mpira karibu na kichwa chake, asidi imeingia na kula shaba. Kata hapo, shaba ikiwa nyeusi au kijani, rudi nyuma mpaka uone nyekundu, au badilisha wote. Lori la wastani linataka waya wa milimita za mraba 70, na kichwa kilichobanwa kwa mashine, si kilichopigwa nyundo. Jihadhari na waya wa bei ya kutupa: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba.

Upande wa hasi, usiishie kwenye chasisi. Injini imekalia mipira, kwa hiyo lazima kuwe na waya wa ardhi, ule tunaoita ethi, kutoka chasisi hadi injini au giaboksi. Ukilegea, umeme wa stata hutafuta njia nyingine na unaweza kupita kwenye kebo ya mafuta mpaka ikawa moto. Jaribio la haraka: funga waya mwingine mnene kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Likiwaka kwa nguvu, umemaliza. Fungua ethi, kwangua rangi na kutu pande zote mbili, rudisha ukitia washa (pete ya chuma) yenye meno. Na betri ifungwe kwa mkono wake wa chuma. Mpira wa tyubu unaiacha iruke, na inaporuka inavuta tamino na kumwaga unga wa sahani zake za ndani.

Kimya kabisa: pima waya mwembamba wa solenoidi ufunguo ukizungushwa. Usipopata karibu volti 24, rudi nyuma kwenye rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata, fiuzi, swichi ya gia huru, kisha swichi ya ufunguo. Ukipata 24 na solenoidi haitikisiki, ishushe stata, anza na solenoidi na kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka). Kuunganisha skrubu za stata kwa bisibisi ukiwa chini ya lori, hapana: likiwa ndani ya gia litakupanda.