"Nipe bolti namba 14, iwe ngumu": tunayodanganyana kuhusu bolti za propela na breki

Simama dakika kumi kwenye kaunta ya duka la bolti pale Gerezani, Kariakoo, utaisikia tu: "Kaka, nipe bolti namba 14 nne, ziwe ngumu, za propela." Propela ni ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Muuzaji anachovya mkono kwenye kopo, anatoa nne nyeusi, anazigonga mezani zilie, anapokea hela. Mteja anaondoka na zigo la dhana potofu mfukoni. Na mara nyingi gari linalosubiri si la kwenda sokoni: ni Impreza ya turbo au Chaser iliyoongezewa pumzi, yenye nguvu karibu mara mbili ya ile iliyotoka nayo kiwandani.

Namba 14

Hiyo ni namba ya spana. Kwenye magari ya Kijapani, kichwa cha 14 kwa kawaida hubeba bolti ya milimita 10, kichwa cha 12 ni bolti ya 8, na cha 17 ni bolti ya 12. Bolti nyingi za madukani hufuata vipimo vingine, kwa hiyo milimita 10 hiyohiyo huja na kichwa cha 16 au 17. Kibaya zaidi ni meno. Mjapani huipa bolti yake ya milimita 10 meno ya hatua 1.25, na dukani iliyojaa ni ya 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, fundi anaongeza bomba kwenye spana, na tundu la difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, limeshaharibika. Sheria yangu ni moja: kama haiingii kwa vidole, haiingii.

Nyeusi ndiyo ngumu

Rangi ni nguo tu. Kuna bolti nyeusi laini na kuna bolti ya njano au ya fedha inayoishinda mbali. Nguvu imeandikwa kichwani. Kwenye 8.8, 10.9 na 12.9, namba ya kabla ya nukta zidisha kwa 100, utapata megapaskali (kipimo cha mvuto kwa eneo) za kuivuta hadi ikatike: 800, 1000, 1200. Ya baada ya nukta ni sehemu ya nguvu hiyo (.9 ni asilimia 90) ambayo bolti inaweza kubeba kabla haijarefuka moja kwa moja, bila kurudi. Yaani 10.9 huanza kulegea mwili kwenye kama 900.

Toyota wana lugha yao. Utakuta namba moja tu, 7 au 9, ambayo ni makumi ya kilo kwa milimita ya mraba, au utakuta mistari iliyoinuka: mitatu ni daraja la 7, minne la 8. Sasa usichanganye na mistari ya Wamarekani. Kwao mitatu ni Gredi 5 na sita ni Gredi 8, ambayo iko jirani na 10.9. Mistari mitatu ya Toyota na mitatu ya Marekani si ndugu, ya Marekani ina nguvu zaidi.

Tafuta pia alama ya kiwanda. Bolti halali ya madaraja haya hubeba namba ya nguvu pamoja na herufi au nembo ya aliyeitengeneza. Iliyoandikwa 10.9 peke yake, bila baba wala mama, mimi nairudisha kwenye kopo. Udanganyifu huu si wa Kariakoo tu. Marekani ilijaa bolti zilizogongwa alama za Gredi 8 huku chuma chake kikiwa cha daraja la chini, hadi Bunge lao likatunga sheria ya ubora wa bolti mwaka 1990.

Bolti ndiyo inayosukuma gari

Hapa ndipo mzizi wa fitina. Wengi tunaona flanji mbili za propela, zile sahani za chuma za kuungia, na bolti nne katikati, tunadhani bolti zimekaa kama pini na kila ukikanyaga mafuta zinasukumwa ubavuni. Kwenye maungio mengi, bolti ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, na katika kutaka kurudi inazibana zile flanji. Kinachopitisha nguvu ya injini ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa. Zikianza kuteleza, hata kwa unene wa unywele, bolti imeshaanza kufa, haijalishi imeandikwa nini kichwani.

Tupige hesabu ya jikoni. Bolti ya milimita 10 ya daraja 10.9, ikikazwa vizuri, inabana kwa takriban tani 3.6. Ya 8.8 inabana tani 2.5. Ndiyo maana huwezi kuweka 8.8 mahali pa 10.9 ukasema "nitaikaza zaidi". Na ukinunua 12.9 kisha ukaikaza kwa kipimo cha 8.8, umelipia nguvu usiyoitumia: mbano ni uleule wa 8.8.

Nimelipa ada ya somo hili. Niliwahi kufunga propela ya Mark II kwa bolti za stenlesi kwa sababu zilikuwa zinang'aa na sikutaka kutu. Stenlesi ya kawaida imeandikwa A2-70: inakatika kwenye 700, lakini inaanza kurefuka kwenye 450 tu. Hiyo ni nusu tu ya 900 za 10.9. Wiki ya tatu nikaanza kusikia "tok" kila nikiachia klachi. Nilipolala chini ya gari niliona unga mwekundu kama pilipili ya kusaga umezunguka vichwa vya bolti, na uso wa flanji umesuguliwa ukang'aa kama sarafu. Bolti moja ilikuwa na kiuno. Ule unga ni chuma kinachosagana na kushika kutu papo hapo. Ukiuona kwenye propela, flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) au miguu ya kalipa (ile inayobana diski ya breki), usikaze tu ukaondoka. Fungua.

Mkono wangu ndio kipimo

Nawaheshimu mafundi waliokaza kwa mkono miaka thelathini. Lakini mkono hausikii mbano, unasikia ukinzani, na sehemu kubwa ya ukinzani ni msuguano. Kati ya nguvu unayoweka kwenye spana, karibu nusu huliwa chini ya kichwa cha bolti, kama asilimia 40 huliwa kwenye meno, na inayobaki, kama asilimia 10, ndiyo inayovuta bolti.

Kwa hiyo mafuta hubadilisha kila kitu. Ile 10.9 yetu ikiwa kavu huhitaji kama Nm 72 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha spana) kufika tani 3.6. Ipake oili, weka Nm 72 zilezile, na mbano unapanda kufikia tani 4.8, pale pale bolti inapotaka kukata tamaa. Mwenzako anakuambia "kidogo oili isaidie", kumbe anakusaidia kuikata. Soma kitabu cha gari au karatasi ya bolti: kama kipimo ni cha kavu, kaza kavu, kama mtengenezaji ametoa grisi yake, tumia hiyo. Gundi ya bolti nayo hulainisha kabla ya kukauka.

Springi washa inazuia kulegea

Hapana. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua bolti ni mtikisiko wa ubavuni, nyuso zinapoteleza. Springi washa, ile pete iliyopinda chini ya nati, ikishalala bapa imekuwa washa ya kawaida, na kitabu cha NASA cha usanifu wa bolti cha 1990 kinasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Mbano wa kutosha ndio kufuli ya kwanza. Chini ya kichwa cha 10.9 weka washa iliyochomwa ikawa ngumu, maana ile laini inabonyea kidogo kidogo na mbano unapotea nayo.

Nati zenye nailoni ni nzuri, ila si karibu na diski za breki. Nailoni hiyo haitakiwi kuvuka joto la nyuzi 120 hivi, na mtu anayeteremka mlima Kitonga kwa fujo anapita hapo mapema.

12.9 kila mahali, basi

Kuna wanaosema 12.9 huvunjika kama kioo. Si kweli, inanyumbulika kabla ya kukatika, ingawa kidogo kuliko 8.8. Hatari yake iko kwingine: ikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu, hidrojeni huingia ndani ya chuma, na bolti inaweza kukatika siku kadhaa baadaye gari likiwa limeegeshwa. Kutu na mikwaruzo huiumiza zaidi pia. Kwa miguu ya kalipa, chini ya gari linalopita matope na chumvi ya pwani, naweka daraja lililotoka kiwandani. Sipandishi, sishushi.

Bolti ya kufungia mpira wa breki kwenye kalipa ni hadithi nyingine kabisa. Ina tundu katikati ili mafuta ya breki yapite, hivyo ukuta wake ni mwembamba. Hiyo hainunuliwi kwa ugumu. Nunua yake, badilisha washa za shaba zote mbili, kaza kwa kipimo.

Ya zamani bado nzima

Kama kitabu kinasema ikazwe kwa kipimo halafu izungushwe nyuzi 90, bolti hiyo mara nyingi imeundwa ivutike hadi ukingoni, na nyingi ni za mara moja. Kwa nyingine kuna jaribio la bure: safisha meno, chukua nati mpya, izungushe kwa vidole kutoka ncha hadi shingoni. Ikiteleza njia nzima, sawa. Ikikwama katikati, meno yamevutika. Mimi huitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu, na kabla ya kuitupa huipiga nyundo iwe na kovu, maana vijana wa gereji wanajua kuokota.