Geuza begi ndani nje kabla hujalilipia

Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliingia kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, mkono mmoja umeshika begi la mgongoni, wa pili umeshika mkanda wa begi hilohilo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya shingo upande, kisha akavibwaga vyote viwili juu ya cherehani. "Mwanangu, hili nimenunua jipya, dukani, si mtumba. Kitambaa kigumu kama turubai la lori. Mbona limeniachia njiani?"

Kitambaa sikukigusa. Nililigeuza begi ndani nje, nikamwonyesha mahali mkanda ulipoingia mgongoni. Ulikuwa umeingia chini ya sentimita moja, ukapigwa mshono mstari mmoja, na ukingo wa kitambaa umeachwa wazi bila utepe. Nyuzi zikachambuka kidogo kidogo hadi mshono ukawa hauna cha kushika. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizima, kingeweza kumzika fundi na mjukuu wa fundi. Mkanda ulifika Kampala. Kurudi ndiko ulikoshindwa.

Huu ni mwaka wa 14 nashona na kufumua mabegi, na ninayoletewa kwa sababu kitambaa kimechakaa ni ya kuhesabu. Begi hufia kwenye maungio: mkanda unapokutana na mwili, zipu inapokutana na kitambaa, kichwa cha zipu kinapokutana na meno. Ila ukienda dukani, muuzaji atagonga kitambaa kwa kidole akwambie "hii kitu ngumu, bosi", na wewe utatoa hela. Naandika hasa kwa anayetaka begi moja tu, la kuingia nalo ndani ya ndege, kwenye behewa na kwenye boti, akae nalo barabarani miezi miwili mitatu.

Habari ya kitambaa tuimalize upesi. Kwenye kikaratasi utaona namba yenye herufi D: 420D, 600D, 1000D. Hiyo ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 1000, mita 9,000 zake ni kilo moja. Namba hiyo inakupa unene wa uzi basi. Haisemi uzi ni wa nini wala umefumwa kwa kubana kiasi gani. Nailoni ya 500 iliyofumwa vizuri inastahimili msuguano kuliko poliesta ya 600 ya mabegi ya shule. Poliesta nayo ina lake: jua haliichoshi haraka kama nailoni, kwa hiyo mtu ambaye begi lake linakaa juu ya basi mchana kutwa asione haya kuichagua. Kwa safari ndefu mimi nachukua nailoni ya kati ya 400 na 1000. Ukizidisha hapo unabeba kitambaa badala ya kubeba nguo.

Sasa mikanda. Ingiza mkono ndani ya begi, tafuta shina la mkanda wa begani, lisikie kwa vidole. Mkanda uwe umeingia ndani sentimita mbili au zaidi, ushikwe kwa mshono wa kwenda na kurudi uliojaa uzi mahali pamoja, au kwa mraba wenye msalaba katikati. Kingo za ndani ziwe zimevishwa utepe. Kisha shika begi kwa mkono mmoja, mkanda kwa mwingine, vuta kwa nguvu za kweli huku ukitazama matundu ya sindano. Yakifunguka ukaona mwanga, rudisha begi msumarini.

Usidanganyike pia na wingi wa mishono, kosa ambalo nilishalifanya mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kijana mmoja wa chuo alileta begi akiwa anaelekea Tabora. Nikataka kumwonyesha ufundi: mistari saba, mshono mdogo mdogo, sindano inapita palepale. Baada ya wiki tatu akarudi na mkanda uliochanika umenyooka kabisa, kama stempu inavyochanwa kwenye karatasi yake. Kila sindano inaacha tundu, na mimi nilikuwa nimemtobolea mstari wa kuchania. Siku hizi nahesabu mishono saba au nane kwa inchi, uzi wa nailoni, sindano namba 18. Uzi wa pamba kwenye begi la safari situmii. Jasho na unyevu vinauozesha, na huwezi kujua mpaka siku unayoning'inia kwenye mlango wa daladala.

Zipu ndiyo inayonilisha, kwa hiyo vumilia nikiongea sana hapa. Geuza kichwa cha zipu utazame mgongoni mwake, mara nyingi pana namba: 3, 5, 8 au 10. Kwa makadirio ni upana wa meno yakishafungwa, kwa milimita. Mlango mkubwa wa begi unataka 8 au 10. Mifuko ya nje inatosha 5. Namba 3 ni ya suruali na foronya, ukiikuta kwenye mlango mkubwa ujue mtengenezaji alikuwa anabana matumizi kwenye mgongo wako. Wengi wanaulizia YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, na zipu zake ni nzuri kweli. Lakini herufi tatu zisikutie usingizi. Kishikio kinabadilishwa, mimi mwenyewe nabadilisha kila siku. Tazama herufi kwenye mwili wa kichwa, na hata hapo jaribu: funga na fungua mara kumi, hasa kwenye kona.

Kuna zipu ya meno manene ya plastiki, jino moja moja, na kuna ile ya uzi uliosokotwa kama springi. Ya kwanza inavutia macho. Ikipoteza jino moja, mara nyingi unabadilisha zipu nzima. Ya springi inapinda kwenye kona bila ugomvi, na ikiachia njiani unarudisha kichwa nyuma, unafunga tena, unaendelea. Ikianza kuachia nyuma ya kichwa kila mara, usikimbilie kubadilisha zipu. Meno ni mazima, ila kichwa kimelegea kwa kutumika. Chukua plaizi, kibane kidogo upande wa nyuma, kushoto kisha kulia, ujaribu. Kidogo, nimesema! Ukikikunja hadi kikapasuka utakuja kwangu tu.

Adui mkubwa wa zipu huku kwetu ni vumbi. Kiangazi udongo wetu mwekundu unaingia kwenye kichwa, unasaga kama msasa. Mswaki wa zamani mkavu kila jioni mbili tatu, halafu sugua kipande cha mshumaa juu ya meno, inatosha. Mafuta ya kula hapana. Nimeshaletewa zipu iliyopakwa mawese. Ilikuwa laini siku mbili, siku ya tatu imekuwa tofali. Angalau ziwa letu ni maji baridi. Mafundi wenzangu wa Tanga na Unguja wana kesi nyingine, chumvi ya bahari inakula vichwa vya chuma.

Na zipu isibebeshwe mzigo. Begi linalofunguka lote kama sanduku ni raha kulipanga, ila ukilijaza kupita kiasi unakuwa umeiomba zipu ifanye kazi ya kamba. Tafuta lenye mikanda miwili ya pembeni ya kubana tumbo. Unabana kwanza, unafunga zipu baadaye. Tena usihangaike na utitiri wa mifuko. Kila mfuko ni zipu, na kila zipu ni siku moja mbele utakayokuwa na mimi.

Vipimo. Mashirika ya ndege hayafanani, soma tiketi yako. Mengi yanazunguka kwenye sentimita 55 kwa 40 kwa 20 au 23, na kilo 7 kwa daraja la kawaida. Pima kwa futi kamba begi likiwa limejaa, maana begi laini likishiba linatoa kitambi. Na usiamini lita zilizoandikwa kwenye kikaratasi: zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Begi la 55 kwa 35 kwa 20 ni lita 38 na nusu, nalo linatosha mtu mzima anayekubali kufua. Nimeshakuta begi limeandikwa lita 60. Nikapima 45 kwa 30 kwa 15, hesabu ikatoa lita 20 na robo.

Kilo saba zinaonekana nyingi mpaka upime begi tupu. Lenye vyuma mgongoni na sponji nene linaweza kufika kilo 2 na zaidi, umebaki na tano. Nikichagua langu nataka tupu lisizidi kilo moja na robo. Babu zetu wapagazi wa njia ya Tabora hadi Ujiji walikuwa wakichukua karibu frasila mbili kila mmoja, na frasila moja ni kama kilo 16. Leo tunazozana na binti wa kaunta kwa gramu 300.

Ndege za mapanga, yaani za propela, zinazokuja viwanja kama chetu zina makabati madogo juu ya viti, kwa hiyo hata begi halali linaweza kuchukuliwa mlangoni likawekwa chini. Hapo ndipo utakapojua umuhimu wa mfuko mmoja wa juu unaofikika haraka: betri ya akiba ya simu hairuhusiwi kwenda chini na mizigo, lazima uitoe uingie nayo. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100. Betri iliyoandikwa mAh 20,000 ukizidisha kwa 3.7, ndizo volti zake, na kugawa kwa 1,000 unapata 74, uko salama. Na ukiwa unavuka mipaka, asali ya Tabora ni kimiminika mbele ya mkaguzi. Chupa ikizidi mililita 100, kwenye viwanja vingi haipiti kwenye begi la mkononi, hata ukimwambia ni dawa ya bibi. Dagaa wakavu huku ndani nchini wanapita, shida ni abiria wenzako.

Mabegi ya magurudumu siyachukii. Ila nenda ufukwe wa Kibirizi asubuhi ukatazame abiria wa maboti ya kaskazini, njia ya Gombe, wakishuka kwenye mchanga na magurudumu yao. Wanaishia kuyabeba mabegi kichwani pamoja na magurudumu.

Botini maji hayatoki juu peke yake, yanarusha ubavuni na mengine unayakalia. Lile koti la mvua la begi linafunika mbele, mgongo unabaki wazi. Mimi natia nguo kwenye mfuko wa ndani usiopitisha maji, begi lilowe litakavyo. Kwani "haliingizi maji" la dukani huwa ni utando wa plastiki uliopakwa upande wa ndani, na joto na unyevu vinaugeuza kuwa unanata kama embe, kisha unabanduka vipande vipande. Ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta kwenye mtumba. Ingiza mkono hadi kwenye pembe za chini, ukitoka na unga mweupe au vidole vinanata, liache, dawa yake sina. Bonyeza pia sponji ya mabegani: isiyorudi imekwisha.

Zaidi ya hapo mtumba mzuri naupenda kuliko jipya la bei hiyohiyo, kwani aliyelitumia miaka mitano kanisaidia kulijaribu. Klipu ikiwa imepasuka isikukimbize. Angalia tu kama mkanda wake ni wa milimita 20 au 25, hizo zinapatikana hapa mjini. Bitana iwe ya kufumulika. Begi lililogundishwa kwa joto badala ya kushonwa ni zuri sana hadi lipasuke, hapo fundi wa Kigoma na fundi wa popote tutabaki tunatazamana.

La mama wa vitenge nilifumua mgongo mzima. Mikanda imeingia sentimita tatu, kingo zimevishwa utepe, zipu ya 5 imetoka imeingia ya 8. Alipokuja kulichukua hakuniuliza bei kwanza. Aliligeuza ndani nje palepale juu ya cherehani, akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, akakuta uzi mmoja sijaukata. Akanyoosha mkono nimpe mkasi.