Mkuu wa TEHAMA Siyo Fundi wa Projekta: Maelezo kwa Wanaoteua na Wanaoteuliwa

Kila tunapofika kwenye kampuni kutoa elimu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, tunaanza na swali lilelile: nani hapa anawajibika na mifumo pamoja na taarifa zilizomo? Wakurugenzi wanatazamana, kisha mmoja anasema, "Muiteni yule kijana wa IT." Kijana anakuja. Mara nyingi si kijana. Ana miaka arobaini na kitu, watoto wawili wako sekondari, na kwa mujibu wa chati ya muundo iliyotundikwa pale mapokezi, yeye ndiye Mkuu wa Idara ya TEHAMA.

Makala haya yameandikwa kwa sababu malalamiko yameongezeka, nayo yanatoka pande zote mbili. Bodi zinalalamika kwamba wakuu wa TEHAMA huwaletea mambo yakiwa yameshaharibika. Wakuu wa TEHAMA wanalalamika kwamba wanasainishwa vitu ambavyo hawakushirikishwa kuviamua. Tunaamini wote wana nia njema. Tunachoeleza hapa ni elimu tu, hakichukui nafasi ya sheria yenyewe, kanuni zake, wala wakili wa kampuni yako.

Niseme nilichokiona. Mwaka jana nilikaa nje ya chumba cha mikutano cha kampuni moja, nikisubiri zamu yangu ya kutoa mada kwa bodi. Pembeni yangu alikaa mkuu wao wa TEHAMA, kompyuta mpakato magotini, akiwa na kurasa nane za tahadhari kuhusu mfumo mpya wa wateja. Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi. Saa nne na dakika arobaini mlango ukafunguka, akaitwa. Nikamtakia heri. Akatoka baada ya dakika tatu: projekta ilikuwa haisomi, amebadilisha waya, wamemshukuru. Zile kurasa nane alikuwa nazo bado mkononi. Ununuzi wa mfumo ulipitishwa siku ileile, na miezi michache baadaye hati ya kuupokea ililetwa mezani kwake ili aweke saini.

Akaweka. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Cheo chenyewe hakina umri mkubwa. Kwa kawaida asili yake hutajwa kuwa mwaka 1981, pale William Synnott wa Benki ya Boston na mwenzake William Gruber walipoandika kwamba kampuni inahitaji ofisa wa ngazi ya juu wa kusimamia taarifa kama inavyosimamia fedha. Taarifa, siyo mashine. Huko Marekani wenye fani hutania kwamba herufi tatu za cheo chao kwa Kiingereza, CIO, maana yake ni "ajira imekwisha". Utani huo hauchekeshi sana ukishasoma yaliyoipata TSB.

TSB ni benki ya Uingereza. Jumapili ya Aprili 22, 2018 ilimaliza kuhamisha wateja wake kutoka mfumo wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya uliojengwa na SABIS, kampuni dada iliyo chini ya kundi la Sabadell la Hispania. Data zilihama salama. Kilichogoma ni mfumo wenyewe: watu hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao, matawi yote yakaathirika, na benki ikachukua hadi Desemba mwaka huo kurudi katika hali ya kawaida. Ilikuwa na wateja milioni 5.2. Fidia kwa wateja ilifika pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wawili wa sekta ya fedha wakaitoza benki faini ya jumla ya pauni milioni 48.65.

Wengi wanaishia hapo wanaposimulia kisa hiki. Sisi tunaanzia hapo. Aprili 2023 msimamizi mmoja kati ya hao wawili alimtoza faini aliyekuwa Mkuu wa TEHAMA wa benki hiyo, Carlos Abarca, yeye binafsi: pauni 81,620. Ingekuwa 116,600, ila alikubali kumaliza shauri bila mvutano akapunguziwa asilimia 30. Hakuiba wala hakuvujisha nywila. Kosa lake ni kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha benki inamsimamia mzabuni wake ipasavyo. SABIS ilimwambia iko tayari. Hakupata uthibitisho wa kutosha kwamba kweli iko tayari, wala hakuhakikisha uwezo wake unapimwa upya kadiri kazi ilivyoendelea. Nyuma ya SABIS kulikuwa na wakandarasi wadogo kwa makumi.

Kwa hiyo tunapoambiwa, na tunaambiwa kila wiki, "mfumo ni wa msambazaji, ukiharibika aulizwe yeye," tunaomba tueleweke: hapana. Unaweza kukodisha mfumo, seva na hata wafanyakazi, lakini uwajibikaji haukodishwi. Barua ya msambazaji inayosema "tuko tayari" ni barua tu. Uthibitisho ni majaribio uliyoyashuhudia, matokeo yaliyoandikwa, na orodha ya kasoro yenye jina la mtu mbele ya kila kasoro.

Sasa tuje kwenye fomu. Kampuni inayokusanya au kuchakata taarifa binafsi inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inatakiwa kumteua Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina linaloandikwa hapo, kwa mazoea, ni la mkuu wa TEHAMA, kwa sababu "ndiye anayejua kompyuta". Tunashauri, kwa heshima, msifanye hivyo. Mkuu wa TEHAMA ndiye anayeamua mfumo gani ununuliwe, nani apewe ruhusa ya kuingia, kumbukumbu zikae muda gani. Afisa wa ulinzi kazi yake ni kuyakagua hayohayo. Ukiwafanya mtu mmoja, umemwomba mwanafunzi asahihishe mtihani wake. Wenzetu wa Kenya wameliandika wazi katika Sheria yao ya mwaka 2019: afisa huyo anaweza kuwa na majukumu mengine ilimradi yasilete mgongano wa maslahi. Huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 2016 msimamizi wa data aliitoza faini kampuni moja kwa sababu hiyohiyo: afisa wao wa ulinzi wa data alikuwa pia meneja wa TEHAMA, na waliambiwa warekebishe wakachelewa.

Kuna na hili la saa 72, kwamba taarifa zikivuja una siku tatu za kuijulisha Tume. Sijui limeingiaje kila kikao. Saa 72 ni za Kenya, na za Ulaya. Sheria yetu inataka Tume iarifiwe bila kuchelewa. Anayejipa siku tatu za kupumzika kwa sababu amesoma mahali fulani kwenye intaneti kuhusu saa 72 anasoma sheria ya jirani.

Kuhusu adhabu tunaulizwa sana, kwa hiyo tuzitaje kwa utaratibu. Kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria: kwa mtu binafsi, faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili; kwa kampuni, faini isiyopungua shilingi milioni 1 na isiyozidi shilingi bilioni 5. Kuharibu, kufuta, kuficha au kubadilisha taarifa kinyume cha sheria: faini kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Makosa ambayo hayakutajiwa adhabu yake mahsusi: shilingi 100,000 hadi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Nje ya mahakama, Tume inaweza kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Fidia kwa aliyeathirika ni jambo jingine, linahesabiwa kivyake. Tena kosa likiwa la kampuni, ofisa aliyeliidhinisha au kuliruhusu huku akijua hajifichi nyuma ya jina la kampuni. Rudieni hiyo sentensi ya mwisho, maana ndiyo inayorukwa.

Vijana wengi wanatuuliza: basi nitafikaje kwenye hicho cheo, na nikifika nitakaaje? Wanakuja na faili la vyeti. Cheti cha mtandao, cha usalama, cha wingu, cha usimamizi wa miradi. Vyeti ni vizuri, tunavipongeza. Lakini wanaokwama hatukuona wakikwamia kwenye vyeti. Wanakwamia pale ambapo ngazi inageuka. Kutoka Afisa TEHAMA Daraja la II hadi kusimamia kitengo, unapanda kwa kujua vitu. Kutoka hapo kwenda mezani kwa menejimenti, unapanda kwa kujua bajeti, mikataba na watu, na huko hakuna mtu aliyekufundisha. Mtu anaweza kukaa miaka kumi kwenye chumba cha seva bila kuwahi kutetea hata mstari mmoja wa bajeti mbele ya mkurugenzi wa fedha.

Philip Clarke aliyekuwa mkuu wa Tesco, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, alianza mwaka 1974 akipanga bidhaa kwenye rafu za duka akiwa bado mwanafunzi. Baadaye akasimamia ugavi, kisha TEHAMA, kisha TEHAMA pamoja na biashara ya nje ya nchi, na mwaka 2011 akakabidhiwa kampuni nzima. Simtaji kama shujaa, kwani mwaka 2014 aliondoka baada ya faida kushuka. Namtaja kwa sababu alipofika kwenye mifumo alikuwa anajua kwa nini boksi la maziwa likichelewa saa mbili linaleta hasara. Mkuu wa TEHAMA wa benki ambaye hajawahi kusimama nyuma ya dirisha la tawi siku ya mishahara ana kitu hajakijua, na hakimo kwenye kozi yoyote. Omba kuazimwa huko miezi mitatu. Utaonekana mtu wa ajabu; vumilia.

Omba pia kusoma mikataba kabla haijasainiwa. Anza na vifungu vya mwisho, vile ambavyo watu huviruka: mkataba ukivunjika data zetu zinarudi kwa muundo gani, kwa siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Nimeona kampuni inayotakiwa kulipa ili ipewe orodha ya wateja wake yenyewe.

Na bekapu, yaani nakala ya akiba ya data. Tulikagua mahali fulani tukaonyeshwa diski ya nje ikitolewa kwenye droo, imebandikwa utepe wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu "MACHI". Tukaomba faili moja tu lirudishwe mbele yetu. Nywila alikuwa nayo mtumishi aliyeacha kazi. Alipigiwa simu, akapokea, akaitaja kwa sauti huku tukisikia wote. Ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Sisemi zaidi.

Uongozi wenyewe huonekana kabla ya ajali. Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Siku ile simu za wakuu wa TEHAMA zilipigwa sana. Wapo waliokuwa wamelipia njia mbili za intaneti kutoka kwa watoa huduma wawili wakidhani wamejikinga, kumbe zote mbili zinapita kwenye mikongo ileile. Hilo ni swali la kumuuliza mtoa huduma siku ya kusaini: njia yako inapita wapi hasa, nionyeshe kwenye ramani. Halihitaji shahada ya uhandisi. Linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema "sisaini mpaka nione".

Mamlaka hayo yanatoka kwenye barua ya uteuzi, na barua nyingi tunazoziona zina mistari minne, mmoja ukiwa wa mshahara. Tunashauri barua iseme mkuu wa TEHAMA anaripoti kwa nani (ikiwezekana mkurugenzi mtendaji, siyo mkurugenzi wa fedha ambaye ndiye anayemkatia bajeti), anaingia kikao gani cha menejimenti kama mjumbe, ana uwezo wa kusimamisha mfumo usianze kazi kwa sababu zipi, na akikataliwa tahadhari yake inaandikwa wapi. Hilo la mwisho ni la lazima kwa maoni yangu. Tahadhari iliyotolewa kwa mdomo kwenye korido haitamsaidia mtu yeyote. Iandike, itie tarehe, iombe iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ikikataliwa kuingizwa, tuma kwa barua pepe kwa katibu wa bodi, utunze nakala. Siyo uhasama. Ni utaratibu wa kawaida wa ofisi ambao wahasibu wameufuata miaka yote bila mtu kuwaona wakorofi.

Yule wa projekta alikuja ofisini kwetu wiki chache zilizopita, na faili la vyeti kwapani. Tulimwomba arudi na barua yake ya uteuzi, hati ya kupokea mfumo aliyosaini, na zile kurasa nane. Vyeti aviache nyumbani.