Ardhi haijauzwa, nyumba ndo zimebadilisha kazi

Mie ni dalali wa nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, na wiki hii peke yake nshaulizwa mara nne, ya mwisho jana na kijana alokuja kutafuta chumba na ukumbi Malindi, mtaa wa hukuhuku Mji Mkongwe: "Kaka, si wazungu washainunua Zanzibar yote, ndo mana kodi zimepanda?" Nimechoka, naandika mara moja, atakaeniuliza tena ntamtumia linki.

Hawajanunua. Ardhi Zanzibar ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, mie na wewe tuna haki ya matumizi tu, na asokuwa Mtanzania anakodishwa kwa muda, basi. Anachoweza kununua ni fleti kwenye majengo ya kondominiamu, yani jengo moja lenye wenyewe wengi, kila mtu na fleti yake, kwa sheria ya 2010, kama zile za Fumba, nje ya mji. Na fleti za Fumba hazijamhamisha mtu Kiponda, huku Mji Mkongwe. Tusonge.

Kilichotokea ni kuwa nyumba ilokuwa ikihesabiwa kwa mwezi skuhizi inahesabiwa kwa usiku. Tuseme ghorofa ya vyumba viwili ilikuwa laki tatu, miezi sita mbele. Leo iko Airbnb, mtandao wa kukodishia wageni, dola 40 kwa usiku, ikilaza watu usiku kumi tu hizo dola 400, toa usafi, shuka, umeme, bado yule mpangaji wa laki tatu hana la kusema.

Hapo watu wanarukia neno "mwenye nyumba mlafi", na hili linaniuma kuliko lile la wazungu. Mwenye nyumba yupi? Nyumba nyingi ninazoletewa Mji Mkongwe ni za marehemu. Warithi kumi na moja, wawili Muscat, mmoja London, mmoja Dar, waliobaki wapo Mwera na Fuoni, sasa chukua laki tatu uigawe mafungu ya mirathi halafu uniambie binti anabaki na nini. Na huku dari linavuja, boriti zimeliwa, na mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000 kwa hiyo hujipigii saruji utakavyo, inatakiwa chokaa na fundi anaeijua chokaa, na kibali juu yake. Warithi hawana hiyo pesa. Anakuja mtu, mara nyingi kijana wetu wa hapahapa mwenye mshirika wa nje, anasema nipeni miaka kumi, natengeneza, na kodi ya miaka mitatu nalipa leo. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Bibi mmoja alilia kwa sababu ndo nyumba alozaliwa, akatia saini, na mie sikuwa na la kumshauri jengine.

Kuna la msimu pia ambalo silisikii likisemwa. Masika, Aprili na Mei, nyumba za wageni zinakaa tupu na familia ziko barabarani zinatafuta, mtu atauliza kwa nini wasikae japo miezi hiyo. Hawapewi, kwa sababu ukimtia mpangaji Aprili humtoi Julai, na Julai ndo yenye pesa. Yani nyumba inalala na popo ikingoja wageni.

Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki, ni jengine kabisa: huko hoteli zinachukua nyumba nzimanzima kuweka wafanyakazi wao, mwalimu alopangiwa skuli ya pale anakosa hata chumba kimoja.

Sasa niseme linalonisumbua. Nilikuwa nikiamini utalii ndo chanzo cha yote, siamini tena hivo. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 1.3, ya 2022 tukafika karibu milioni 1.9. Tomondo, nje ya Mji Mkongwe, hakuna mtalii anaelala na kodi imepanda vilevile. Nkikaa kupima kipi cha waloondoshwa Mjini na kipi cha sisi kuzaana na kuhamia, nashindwa kuvitenganisha. Na mimi dalali nachukua kodi ya mwezi mmoja kila mtu akihama, kwa hiyo kupanda huko kunanilisha, wala sijivunii.

Yupo mama wa watoto watatu kapewa mpaka mwisho wa mwezi atoke Mkunazini, watoto wanasoma palepale Mjini. Mwenye vyumba viwili Mlandege, Vikokotoni au Kikwajuni kwa laki tatu, kwa mwezi nasema, si kwa usiku, aniambie kabla hajaviweka mtandaoni.