Je, wajua kwa nini okidi ya Madagaska ina mrija wa karibu sentimita 30?

Jibu lililozoeleka ni kwamba ua na nondo walipatana: ua likaficha mbochi, yaani maji yake matamu, mwishoni mwa mrija, nondo (mdudu jamaa wa kipepeo) akaota ulimi wa kuufikia, wote wakaridhika. Linapendeza, ila linasahau kwamba maslahi yao hayafanani. Nondo anataka mbochi, basi. Chavua, ule unga wa uzazi wa ua, kwake ni mzigo tu. Ua nalo halina haja na shibe ya nondo. Linachotaka ni akandamize uso mlangoni mpaka chavua imgande.

Chukua chupa ya soda, paka unga mdomoni mwake, kisha unywe kwa mrija: chupa ndiyo ua, mrija wa kunywea ndio ulimi wa nondo. Mrija huo ukiwa mrefu, soda itaisha na uso wako msafi. Ukiwa mfupi, utalazimika kuisukumia chupa midomo, na utaondoka na unga puani. Ndiyo maana ua lililozidi ulimi kidogo huzaa zaidi, na nondo aliyezidi ua kidogo hushiba zaidi. Kila upande unamburuta mwenzake, kizazi baada ya kizazi.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipoletewa okidi hiyo ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, mwaka 1862, alipitisha sindano mlangoni na chavua haikutoka. Akajaribu kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita 2.5 hivi, akakisukuma hadi ndani. Alipokivuta kikatoka na chavua. Yaani kinachobeba chavua ni shina la ulimi, palipo panene, nalo haliingii mpaka nondo ajisukume. Akatabiri nondo mwenye ulimi wa sentimita 25 hadi 28, pungufu ya mrija wenyewe, kwani mbochi hujaa sentimita 4 hivi za chini na si lazima kugusa kitako. Nondo huyo, Xanthopan praedicta, alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Ndugu yake wa Afrika bara, anayepatikana hata Afrika Mashariki, ana ulimi mfupi zaidi.

Hoja ya chupa ilipimwa Sweden kwa okidi nyingine: mirija ilipofupishwa kwa kufungwa uzi, chavua iliyobebwa ilipungua. Jaribio hilo, hata hivyo, linathibitisha upande wa ua tu. Kuhusu nondo kuna wanaodai ulimi ulirefuka kwanza ili anywe akiwa anaelea mbali na buibui wanaovizia mauani, na okidi ndiyo iliyomfuata.