Kuongeza kifurushi cha intaneti hakuharakishi kuingia kwenye kompyuta

Katika maabara ya chuo kimoja hapa Mwanza, mwanafunzi akishaandika nywila, skrini hubaki tupu kwa muda mrefu. Lawama huenda kwa intaneti: "Waongeze kifurushi!" Hapana. Mafaili yake yamo kwenye seva, kompyuta kuu inayohifadhi mafaili ya wote, ya jengo hilohilo. Hata waya wa nje ukikatika, kasi ya kuyafungua ni ileile.

Kinachochelewesha ni wingi wa mafaili madogo: mipangilio, aikoni, na hasa kache, yaani nakala za muda ambazo programu kama kivinjari hujiwekea, yenye maelfu ya vipande. Kwa kila kimoja kompyuta huiuliza seva: kipo? Nina ruhusa? Nipe. Kila swali husubiri jibu lake. Ni kama kuleta mihogo kutoka Ukerewe gunia mojamoja kila safari. Meli kubwa zaidi haisaidii kitu.

Kwa hiyo, hamisha kache. Kwenye Linux, elekeza XDG_CACHE_HOME (kigezo kinachoziambia programu pa kuweka kache) kwenye diski ya kompyuta yenyewe, katika folda ya kila mtumiaji yenye ruhusa 700 (mwenyewe tu ndiye huifungua), kabla mazingira ya kazi (desktop) hayajaanza kupakiwa. Kache ikipotea si hasara, hujijenga upya. Nyaraka za mwanafunzi, tafadhali, ziacheni kwenye seva.