Pancha za Baiskeli: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Tairi laini halipati pancha."

Dhana hii inawaharibia watu tyubu nyingi bure. Tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe au ukingo wa lami hubonyea mpaka tyubu ikabanwa kwenye rimu. Dalili yake ni matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona, usihangaike kutafuta mwiba. Shida ni upepo. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Matairi mengi ya inchi 26 kwa 1.95 huchukua psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 40 hadi 65. Ukipakia mzigo, ongeza la nyuma bila kuvuka kiwango. Hata tyubu nzima hupungua upepo kidogo kidogo, kwa hiyo pima kila wiki.

"Pancha ikirudi, fundi hakuziba vizuri."

Mara nyingi kiraka ni kizima, ila mwiba bado umo tairini. Mbigili ndiyo sumbufu zaidi: tunda lake kavu hugawanyika vipande vyenye miiba migumu, na ncha ikivunjikia ndani ya mpira, kwa nje huioni. Kabla ya kuchomoa tyubu, itie alama ya chaki pamoja na tairi ili ujue ilivyokaa. Tafuta tundu kwenye karai la maji, lilinganishe na tairi, kisha pitisha kitambaa polepole kwa ndani. Kitanasa penye ncha. Usipapase kwa kidole kitupu, huenda kuna kipande cha chupa. Tundu likiwa upande wa rimu, kagua vichwa vya spoki na mkanda unaovifunika.

"Kiraka hushika gundi ikiwa mbichi."

Hapana. Piga msasa, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, subiri kama dakika 5 ikauke, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu.

"Kuvalisha kipande cha tyubu kuukuu ndani ya tairi humaliza pancha."

Hupunguza tu. Mwiba mrefu wa mgunga hupenya, na kingo za kipande hicho husugua tyubu mpya hadi itoboke. Zipunguze unene kwa msasa.

"Jua hupasua tairi."

Psi 50 zilizojazwa kwenye nyuzi 25 hufika takriban 58 tairi likipata joto la nyuzi 60. Tairi zima linahimili hilo. Linalopasuka huwa limechanika ubavuni, au ukingo wake haukukaa vizuri kwenye rimu na tyubu ikachungulia nje. Jaza upepo nusu, zungusha gurudumu, hakikisha mstari wa tairi ulio juu ya rimu uko sawa pande zote mbili, ndipo umalizie.